Mjerumani Hakuwa na Zanzibar ya Kubadilisha

Siku ya somo la kugawanywa kwa Afrika, katika darasa la tuisheni ninalosomesha hapa Wete, Pemba, niliandika ubaoni ile sentensi niliyoisoma na mimi nilipokuwa na umri wa wanafunzi wangu: mwaka 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Zanzibar, na badala yake ikapewa kisiwa cha Heligoland. Darasa zima likainama kunakili. Binti mmoja wa kidato cha tatu hakunakili. Alinyanyua kalamu, akauliza, "Maalim, kwani Mjerumani alitupata lini hata awe na cha kuachia?"

Nilibaki na chaki mkononi. Jibu fupi ni kwamba hakutupata. Ujerumani haikuwahi kutawala Unguja wala Pemba, hata siku moja. Jibu refu lilinichukua vipindi vitatu, na ndilo ninaloliandika hapa, kwa sababu sentensi ile bado inazunguka barazani na madarasani, na kila inaporudiwa inampa umiliki mtu ambaye hakuwa nao.

Tuanze na Heligoland yenyewe. Ni kisiwa cha majabali mekundu katika Bahari ya Kaskazini, na hata ukikihesabu pamoja na kijisiwa chake cha mchanga hakifiki kilomita mraba mbili. Unguja peke yake ina zaidi ya 1,600. Waingereza walikiteka kutoka kwa Denmark mwaka 1807, wakati wa vita vya Napoleon, na wenyeji wake walikuwa watu wapatao 2,000, wengi wao wakiishi kwa bahari na kwa wageni waliokuja kuoga wakati wa joto. Lakini kinatazama mdomo wa mto Elbe, njia ya meli zote za Hamburg. Mtu wa Pemba hahitaji ramani kulielewa hili: aliyekaa Misali anakiona kila chombo kinachoelekea Chake Chake. Tangu 1887 Wajerumani walikuwa wanachimba mfereji wa Kiel, ili manowari zao zipite kutoka Bahari ya Baltiki hadi Bahari ya Kaskazini bila kuizunguka Denmark. Mfereji ule ungetokea karibu na macho ya Heligoland, na Heligoland ilikuwa na bendera ya Kiingereza. Kaizari Wilhelm wa Pili, kijana mwenye kupenda manowari, hakutaka kusikia kingine.

Hicho ndicho Ujerumani ilichokitaka. Sasa ilikuwa na nini cha kutoa?

Hapo ndipo inabidi turudi nyuma, kwenye mali ya mwenye mali. Said bin Sultan alipofariki baharini mwaka 1856, akiwa safarini kutoka Oman, nchi zake mbili zilibaki na watoto wawili: Thuwaini huko Maskati, Majid hapa. Ndugu wakagombana. Mwaka 1861 Mwingereza aliyekuwa akiitawala India, Lord Canning, akatoa hukumu: Zanzibar iwe nchi peke yake, ila ilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa zikatia saini tamko kwamba zote mbili zitaheshimu uhuru wa Maskati na Zanzibar. Tamko hilo niliomba wanafunzi walizungushie duara, kwa sababu mbele litatudai.

Mipaka ya nchi ya Majid, na baadaye ya Barghash aliyemrithi mwaka 1870, haikuwa na mawe. Visiwa vilikuwa vyake bila ubishi. Miji ya mwambao ilikuwa na maliwali wake na forodha zake, kuanzia Mogadishu hadi upande wa Ruvuma. Bara kwenyewe mamlaka yake yalifuata njia za misafara: palipo na mfanyabiashara wake, bendera yake nyekundu na deni lake, palikuwa pake, hatua chache porini palikuwa pa mwenyewe. Ule msemo wa zumari kupigwa Unguja na ngoma kuchezwa Maziwa Makuu ulikuwa kweli kwa biashara. Kwa wanasheria wa Ulaya waliotaka kuona mpaka, hakimu na askari, ulikuwa maneno matupu.

Ndani ya upenyo huo akapita Mjerumani Carl Peters. Aliingia Zanzibar mwezi Novemba 1884, mtu wa miaka 28, akavuka na wenzake kwenda Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, na baada ya wiki chache akarudi pwani na mikataba 12. Imeandikwa kwa Kijerumani. Mmoja ni wa Mangungo wa Msovero, ambaye kwa karatasi asiyoweza kuisoma alihesabiwa kuwa ameitoa nchi yake yote. Serikali ya Berlin yenyewe haikumtuma. Lakini tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya kufungwa Mkutano wa Berlin, Kaizari wa wakati huo, Wilhelm wa Kwanza, akatia saini hati ya kuzilinda nchi hizo nne.

Barghash alipopata habari alimpelekea Kaizari malalamiko kwamba nchi zile ni zake, akatuma na askari. Jibu lilikuja Agosti 1885 kwa manowari, zikatia nanga mbele ya kasri zikiwa zimeelekeza mizinga mjini. Na nyuma yao ilikuja meli nyingine, Adler, akiwemo Seyyida Salme, dada yake Barghash mwenyewe, aliyezaliwa Mtoni, akaondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg. Alikuwa anadai urithi wake. Bismarck, kansela aliyeongoza serikali ya Ujerumani, alikuwa na hesabu nyingine: mtoto wa kiume wa Salme alikuwa raia wa Ujerumani mwenye damu ya ufalme wa Zanzibar, na hilo lilitosha kumtia mtu hofu. Barghash alipokubali matakwa makubwa, Salme hakuhitajika tena. Alirudi Ujerumani bila ya kupokelewa na ndugu yake. Ninaposomesha sehemu hii huwa nakaa kimya kidogo. Yule mama aliikosa nchi yake mara mbili.

Kwa nini Barghash hakupigana? Alikuwa na rafiki mkubwa, balozi wa Uingereza John Kirk, aliyekuwa naye miaka yote, na ambaye mwaka 1873 alimbana mpaka akalifunga soko la watumwa. Barghash aliamini kwamba aliyempa kikubwa namna ile hatamwacha. Lakini London ilikuwa na shughuli zake: ilikuwa imeikalia Misri tangu 1882 na ilihitaji sauti ya Ujerumani katika mambo ya madeni ya Misri, tena mwaka huo wa 1885 ilikuwa karibu kuingia vitani na Urusi kwa ajili ya mpaka wa Afghanistan. Kirk akaamriwa amshauri Barghash akubali. Mtu akitaka kujua kwa nini Usagara ilipotea, atafute jibu Cairo na Afghanistan kabla ya kulitafuta Usagara.

Kisha zikaja zile maili kumi, na hapa ndipo nilipotumia uzi na ramani ya ukutani. Mwishoni mwa 1885 Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ziliunda tume ya kupima ukubwa wa nchi ya Sultani. Upande wa Uingereza aliletwa ofisa wa jeshi aitwaye Kitchener, yuleyule aliyekuja kuwa maarufu Sudan na baadaye kwenye Vita Kuu. Wakapita bandari moja baada ya nyingine wakihoji maliwali. Lakini mpaka wenyewe ulikatwa Ulaya, kwa barua baina ya London na Berlin, ulipoingia mwezi Novemba 1886: Sultani abaki na Unguja, Pemba, Mafia, Lamu na visiwa vidogo vinavyovizunguka, ukanda wa mwambao wenye upana wa maili kumi za baharini kutoka kusini mwa Ruvuma hadi Kipini, na miji ya Banadir, pwani ya Somalia, kaskazini. Nyuma ya ukanda huo, kusini kwa Mjerumani, kaskazini kwa Mwingereza.

Maili kumi za baharini ni kama kilomita 18 na nusu. Nilimwomba kijana mmoja aunyooshe uzi kwenye ramani kwa kipimo hicho, kutoka Bagamoyo kuelekea bara. Uzi haukufika hata ukucha wa kidole chake. Pembe za ndovu na wasafirishaji wake, Tabora, Ujiji, vyote vilibaki nyuma ya ukucha ule. Mwezi Desemba Barghash akatia mkono. Miezi michache baadaye Wareno wakauchukua mji wa Tungi kusini, na mwezi Machi 1888 Barghash akafariki.

Ndugu yake Khalifa akarithi kasri na shida. Mwezi Aprili 1888 aliikodisha kampuni ya Wajerumani forodha na utawala wa mwambao wa kusini kwa miaka 50. Maneno ya mkataba yalisema kampuni itatawala kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Ilipofika Agosti, watu wa kampuni wakapandisha bendera yao miji yote na kumdharau liwali mbele ya watu wake, na mwambao ukawaka. Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri wa Saadani wakaongoza vita ambavyo kampuni haikuviweza. Ikabidi serikali ya Ujerumani imtume ofisa wake Wissmann na askari aliowakodi Misri na Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Naipita haraka habari hii kwa kuwa inastahili makala yake, ila inatuonyesha jambo moja linalohusu hesabu yetu: mpaka mwanzo wa 1890, kilichokuwa mkononi mwa Ujerumani kwenye mali ya Sultani kilikuwa ni ukodi, na ukodi wenyewe ulishikiliwa kwa mizinga.

Sasa tunaingia mwaka wenyewe, na mpangilio wa tarehe ndio ufunguo. Mwezi Machi 1890 Kaizari alimwondoa Bismarck, akamweka Leo von Caprivi kuwa kansela. Tarehe 14 Juni, Sultani mpya Ali bin Said akakubali kuingia chini ya ulinzi wa Uingereza. Tarehe 1 Julai, Uingereza na Ujerumani zikatia saini mkataba wao huko Berlin. Uangalie utaratibu huo vizuri. Karatasi ya Sultani na Mwingereza ilitangulia kwa zaidi ya wiki mbili. Kilichofanywa na Mjerumani tarehe 1 Julai ni kutamka kwamba hatapinga.

Na kutopinga huko kulilipiwa vizuri. Mkataba ulikuwa mrefu, na Zanzibar ilikuwa kifungu kimoja ndani yake. Ujerumani iliiacha Witu, karibu na Lamu, iliyokuwa na ulinzi wake kweli, ikaachana na madai ya Uganda, ikapata upande wa kusini-magharibi ya Afrika ule ukanda mwembamba wa kufikia Zambezi uliobeba jina la Caprivi, ikapata Heligoland. Kisha kikaja kifungu ambacho sisi tungekisoma kwa sauti: Uingereza iliahidi kutumia ushawishi wake wote ili Sultani aikabidhi Ujerumani moja kwa moja ule mwambao uliokodishwa, pamoja na kisiwa cha Mafia, kwa kulipwa fidia.

Yaani kama kuna aliyetoa ardhi kumpa Mjerumani Afrika Mashariki mwaka ule, ni Zanzibar. Bagamoyo, Pangani, Kilwa, Lindi, na Dar es Salaam iliyoanzishwa na Majid mwenyewe, zilitoka kwetu kwenda kwake. Ile sentensi ya ubaoni imegeuza mkono uliotoa na mkono uliopokea.

Ilitoka wapi basi? Ilitoka Ujerumani, kwa watu waliokasirika. Wapenda makoloni waliona Caprivi ameuza ndoto kubwa kwa jabali dogo, na hasira hizo zilizaa mwaka 1891 chama cha wazalendo wakali waliotaka Ujerumani ijitanue zaidi. Bismarck naye, akiwa nje ya madaraka, hakuacha kuusema vibaya mkataba wa mrithi wake. Kuuita mkataba wa Heligoland na Zanzibar kuliwasaidia: kulifanya ionekane kuwa nchi yao ilikuwa na hazina ikaitupa. Jina likabaki vitabuni, hata vya kwetu.

Tena kama ni kubadilishana, kuna badilishano lingine lililo karibu zaidi na ukweli, na halitajwi. Mnakumbuka tamko la 1862? Ufaransa ilikuwa na saini yake pale, na ikauliza kwa nini Uingereza inaweka ulinzi juu ya nchi iliyoahidi kuheshimu uhuru wake. Tarehe 5 Agosti 1890 zikaelewana: Ufaransa ikaukubali ulinzi wa Uingereza juu ya Zanzibar, na Uingereza ikaukubali ulinzi wa Ufaransa juu ya Madagascar. Malkia wa Merina, ufalme wa Madagascar, Ranavalona wa Tatu, hakuwa mezani. Mwaka 1895 majeshi ya Ufaransa yakaingia mji wake mkuu, na mwaka 1897 akapelekwa uhamishoni. Watu wa Heligoland nao hawakuulizwa. Malkia Victoria mwenyewe alinung'unika juu ya kuwatoa watu bila ridhaa yao, lakini Bunge lake lilipitisha sheria, na mwezi Agosti bendera ikashushwa.

Nilidhani hesabu imeishia hapo, mpaka nilipoifuata fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii haikupotea kabisa, ilizungushwa. Kwa mwambao wa kusini na Mafia, Ujerumani ililipa maki 4,000,000, karibu pauni 200,000. Mwaka 1895 Uingereza ilitaka kuiondoa kampuni yake iliyokodi mwambao wa kaskazini, kuanzia Vanga hadi Kipini, Mombasa ikiwa ndani yake. Kampuni ikafidiwa pauni 250,000. Kati ya hizo, pauni 200,000 zilitoka hazina ya Zanzibar: zile zile fedha za mwambao wa kusini. Baada ya hapo Uingereza ikawa inamlipa Sultani pauni 11,000 za kodi kwa mwaka, na pauni 6,000 za faida ya fedha yake aliyoikopesha. Mtu ameuzishwa shamba moja, na bei yake ikatumika kumtoa mpangaji wa shamba la pili ili mwingine akae. Ndiyo maana ukanda ule uliitwa Himaya na Kenya ya bara ikaitwa Koloni, na ndiyo maana mwezi Oktoba 1963, Kenya ilipokuwa inakaribia uhuru, ilibidi viongozi wa Kenya na wa Zanzibar waandikiane barua ili Sultani Jamshid auachie mwambao. Kilomita zile 18 na nusu za Kitchener zilidumu miaka 77.

Makubaliano ya ulinzi yaliweka pia sharti kwamba Sultani hakalii kiti bila ridhaa ya Mwingereza. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash, mtoto wa yule Barghash, aliingia kasri bila ridhaa hiyo. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu ilipopita kidogo tu, manowari za Kiingereza zikapiga. Kwa dakika zisizofika 40 wakaanguka wa kasri wapatao 500, kati ya waliokufa na waliojeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Dunia inaipenda habari hii kwa ufupi wake, vita vifupi kuliko vyote, na mimi siwezi kuisimulia hivyo. Beit al-Hukm, moja ya majumba ya kasri, haikujengwa tena. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, mlango wa dola ileile iliyosemwa imetuachia, na mwezi Oktoba bahari ilipojaa wakampakia mashua kutoka upande wa ubalozi hadi manowari yao, wakampeleka Dar es Salaam. Alikaa huko mpaka Waingereza walipomkamata wakati wa Vita Kuu.

Na majabali mekundu? Wajerumani waliyatoboa, wakaweka mizinga na bandari ya kivita. Mwezi Agosti 1914 vita vya kwanza vikubwa vya manowari baina ya nchi hizo mbili vilipiganwa kwenye maji yake. Wiki tatu baadaye, alfajiri ya tarehe 20 Septemba, manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia bandari ya Unguja, ikaizamisha Pegasus ya Kiingereza iliyokuwa ikitengenezwa mashine; baadhi ya mabaharia waliokufa wamelala Chapwani, na makaburi yao yapo, ukienda kwa mashua utayaona. Tarehe 18 Aprili 1947, Waingereza walilipua Heligoland kwa maelfu ya tani za baruti ili pasiwe tena na ngome pale. Watu wake walikuwa wamehamishwa wote. Waliruhusiwa kurudi mwaka 1952.

Kipindi cha tatu kilipokwisha, yule binti alibaki nyuma akiitazama ramani. Bibi yake mzaa mama, aliniambia, anatoka Kilindoni. Akaweka kidole juu ya Mafia.

"Na hii, maalim, ilirudi lini?"

Haikurudi. Waingereza waliiteka kutoka kwa Wajerumani mwezi Januari 1915, wakaifanya kituo cha ndege za kuitafuta Königsberg iliyokuwa imejificha delta ya Rufiji. Vita vilipokwisha wakaiunganisha na Tanganyika, na tarehe 26 Aprili 1964 ikaingia katika Muungano kutoka upande wa pili. Leo ni wilaya ya Mkoa wa Pwani.

Alichukua daftari lake, akaandika hilo.